Msimamizi wa Matuta Kumi na Moja

Mlango wa Nane, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Mapazia.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Bado nakuita Kijiti, ingawa picha uliyotutumia inaonyesha kijiti kimeshakuwa gogo. Hali yako? Kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia? Wifi yangu ameizoea baridi ya huko, au bado anavaa soksi mbili mbili? Na yule binti yangu mwenye meno mawili, ameota la tatu au anaendelea kututisha kwa hayo hayo? Sisi huku tu salama. Nalisema neno hilo nikilimaanisha, maana mwezi uliopita umenifunza kutolitumia ovyo.

Baba hajambo. Jicho la kulia limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Daktari ametupa tarehe ya upasuaji, mwezi ujao. Viatu ulivyomtumia vimefika. Ni vikubwa, kavijaza vipande vya vitambaa kutoka kazini kwangu, na sasa anatembea kama waziri. Nilipomwambia vimemzidi, akanijibu kwamba mguu wa mzazi hukua kadiri mtoto anavyokwenda mbali. Basi na hilo lako.

Uliniuliza kwa nini mwezi mzima sikuandika. Ni habari za bustani, na leo nitakueleza zote. Kaa chini usome.

Kile kiwanja nyuma ya majengo unakikumbuka, palipokuwa na kiwanda cha kufulia nguo kabla sisi hatujazaliwa, pakabaki kuta mbili na vyuma chakavu. Mwaka juzi majirani tulipasafisha tukagawana: familia kumi na moja, matuta kumi na moja. Baba akachukua la tisa. Unajua alivyokuwa tangu Mama atutoke, haongei, hali, anatazama ukuta. Bustani ndiyo iliyomrudishia sauti. Kila asubuhi anakwenda kupapasa majani yake, anakaa kwenye benchi lake, na adhuhuri anarudi. Kwa hiyo kwangu mimi hii si habari ya mboga.

Ugomvi ulianza kwa mnanaa. Kinyozi, yule wa duka la kona anayeongea kuliko mkasi wake, alimsaidia jirani yake kupalilia, akang'oa mnanaa wote akidhani ni magugu. Wiki hiyo hiyo Fundi Bomba aliondoka kwenye zamu yake saa kumi kamili, mwenzake akachelewa, mpira wa maji ukabaki wazi, na matuta matatu yakageuka tope. Kila mmoja alikuwa na haki kwa lugha yake mwenyewe. Mwalimu, huyu mstaafu wa ghorofa ya chini ambaye hata barua za posa anazisahihisha kwa kalamu nyekundu, akasema hatugombani kwa sababu ya mboga, tunagombania maneno. Tukae tukubaliane neno gani lina maana gani, na nani ana kazi gani. Mimi nikafanywa katibu, kwa kosa la kuwa na mwandiko unaosomeka.

Tulikutana Jumamosi mchana dukani kwa Kinyozi, kafunga mapema. Tulikaa kwenye viti vyake vya kuzunguka na kwenye ndoo. Ilikuwa raha, sikufichi. Tulibishana nusu saa kama zamu inaisha saa inapofika au mwenzako anapofika. Tukaandika: zamu huisha ufunguo ukishapokelewa mkononi. Magugu tukaandika ni mmea wowote ambao mwenye tuta hautaki, na mwenye kujua ni yeye, si jirani. Kinyozi akainamisha kichwa, watu wakacheka. Mgeni ni mtu aliyeletwa bustanini na mwanachama, na aliyemleta ndiye anayemjibia.

Tukaingia kwenye kazi. Ufunguo wa maji, Fundi Bomba. Vifaa, Kinyozi. Katibu, mimi mtumwa wenu. Tulipofika kwa msimamizi, karibu wote tulisema kwa pamoja kwamba hilo halina mjadala, msimamizi si yupo, Bwana Taratibu.

Sijawahi kukuandikia habari zake, na hilo lenyewe linanisumbua sasa. Ni mtu wa makamo, mpole, anatembea amefunga mikono nyuma. Tangu siku za mwanzo alikuwa akipita kwenye matuta na kumwelekeza mtu: hapa chimba, hapa acha, taratibu, usiwe na haraka. Ndiyo maana ya jina tulilompa. Mimi macho yangu ni ya mshonaji, uso wa mtu huusahau lakini nguo siisahau. Shati lake la kaki lilishonwa mabega kwa mkono, na vifungo vyake ni vya mfupa. Niliwahi kumuuliza ni fundi gani aliyemshonea. Akasema, wa zamani.

Mwalimu akanyanyua kalamu. Akasema kwa kanuni tuliyoandika sasa hivi, asiye na tuta ni mgeni, na mgeni lazima awe na aliyemleta. Basi niandike, katibu, aliletwa na nani?

Kinyozi akanitazama mimi. Alidhani ni mjomba wetu. Mimi nilidhani ni baba mkwe wa Kinyozi. Fundi Bomba alidhani ametumwa na halmashauri. Mwalimu mwenyewe, mwaka mzima, alikuwa akimsalimia akiamini ni kaka wa Fundi Bomba. Tulizunguka watu wote kumi na mmoja, karibu kila mmoja akamnyooshea kidole mwenziwe, na kidole cha mwisho kikarudi kilikoanzia. Aliyecheka alikuwa mmoja, akaacha katikati.

Nakumbuka Mwalimu aliuliza swali lingine kwa sauti ya darasani, nadhani ili ajipe moyo. Akataka kila mtu aseme alichowahi kuambiwa na bwana huyo. Mmoja aliambiwa tuta lake likomee hapa kwa sababu mbele kuna mawe. Mwingine aliambiwa aache nafasi ya njia. Mwingine kwamba udongo ule hauzai. Nikatoa chaki yangu ya kushonea, nikachora matuta kumi na moja kwenye sakafu, na kila mmoja akaja kupiga mstari mahali alipokatazwa kuvuka. Mistari ikagusana. Katikati ya nywele ambazo Kinyozi hakuwahi kuzifagia, tuliona duara, hatua sita kwa sita, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitia jembe.

Fundi Bomba akasema vizuri, bwana huyo katuwekea nafasi ya tanki. Kweli tulikuwa tumeagiza tanki la lita elfu tano, lije Alhamisi, na katikati ndipo mpira ungefikia kila tuta. Watu wakaitikia upesi upesi ili tuondoke. Hapo ndipo nilipoona jambo la kuchekesha: Kinyozi, anayelala juu ya duka lake mwenyewe, alituomba tumsubiri hadi afunge mlango. Na jua lilikuwa linawaka.

Nje nilimshika Fundi Bomba pembeni. Nilimshukuru tena kwa kumsindikiza Baba nyumbani kila adhuhuri mimi nikiwa kazini. Unakumbuka nilikuandikia kwamba yupo jirani mwema anayemrudisha Baba hadi mlangoni? Nilishamshonea mpaka aproni ya kazi, yenye mifuko sita. Fundi akaniangalia kwa aibu, akasema hajawahi kupanda ngazi zetu hata siku moja. Aproni aliipokea akidhani mimi nina neno naye, na amekuwa akitafuta njia ya kunijibu bila kuniumiza.

Mdogo wangu, sikupata hata nafasi ya kuona haya. Nilipanda zile ngazi mbio.

Baba alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza taratibu, nisimtishe, ni nani anayemleta. Akasema, "Si yule mtu wako?" Nikamuuliza mtu wangu yupi. Akasema yule mpole. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni mtu wangu. Akaweka kikombe chini, akafikiri, akasema siku ya kwanza kabisa alimwambia, "Ngazi ya nne imepasuka, inua mguu," kabla hawajaifikia. Akaona mtu anayeijua ngazi yetu ya nne hawezi kuwa mgeni.

Nilishuka kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, anayeshinda mlangoni akichambua mchele. Yeye huwaona wote wanaopita. Akasema humwona Baba kila siku akipanda, kiwiko amekiinua hivi kama mtu aliyeshikwa, anaongea. Nikamuuliza na nani. Akasema peke yake, na amekuwa akisita kuniambia, akidhani ni uzee, na mimi nina mengi.

Tangu siku hiyo Bwana Taratibu hakuonekana. Tulikwenda wawili wawili kumtafuta, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda peke yake, na huko kutembea wawili wawili ndiko kulikotufungua macho. Hatukumpata hata mmoja wetu aliyewahi kumwona bwana huyo pamoja na jirani mwingine. Kila mmoja alimwona pale alipokuwa yeye mwenyewe peke yake bustanini, mchana kweupe.

Jumatano Baba alisikia habari za tanki. Akaniambia nikawaambie wasiliweke. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliambiwa pale pasibebeshwe mzigo. Utamwambiaje fundi maneno kama hayo? Nilikwenda hivyo hivyo. Fundi Bomba alinisikiliza akiwa amevaa aproni yangu, masikini, hakujua aivue au aiache. Akasema hayo mambo yeye hayajui, lakini neno la mzee halitupwi. Kabla ya kuviringisha tanki ataupima udongo kwa nondo.

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa pale wengi. Baba kwenye benchi lake. Kinyozi alikuwa amesimama katikati kabisa ya duara, na kamba ya kuvutia tanki begani, anasimulia. Fundi akapiga goti ukingoni, akaisimamisha nondo yenye urefu wa mtu na nusu, akaikandamiza. Iliingia kiasi cha shubiri moja, ikagoma. Akaweka uzito wake wote. Nondo ikamponyoka mikononi, ikaenda yote.

Hatukusikia kitu. Nilivuta pumzi, nikaitoa, nikavuta nyingine. Ndipo ikaja sauti kutoka chini, mbali sana, kama mtu aliyegonga mlango wa chuma mara moja. Na kwenye kile kitundu cha upana wa kidole ukapanda upepo wa baridi, wenye harufu ya sabuni ya mche, kama nguo zilizosuuzwa asubuhi hiyo.

Kinyozi akanyamaza katikati ya neno. Tukamwambia atoke. Akasema hawezi kuinua mguu, ardhi inamjibu. Sote tulisikia mbao zikilia chini yake. Fundi alitaka kumrukia amvute, na sauti iliyomzuia ilikuwa ya Baba yako, kutoka kwenye benchi, haina papara hata kidogo.

"Usimfuate. Wewe kijana, lala kifudifudi. Tandaza mikono. Sasa njoo kwenye sauti yangu, taratibu."

Kinyozi alilala na shati lake jeupe la kazi, akatambaa. Nilihesabu hatua tatu zile za kutoka katikati zikiwa ndefu kuliko safari yako ya kwenda huko. Alipofika kwenye majani ya Baba, tukamshika makwapa, na nyuma yake udongo ukazama kimyakimya, kama godoro mtu anapolikalia. Likabaki shimo. Hakuna aliyekwenda kuchungulia.

Watu wa halmashauri walikuja mchana na ramani yao. Ni kisima cha kile kiwanda, kina cha mita thelathini. Kiwanda kilipofungwa walikifunika kwa mbao, wakamwaga udongo juu, wakaenda zao. Tanki likijaa maji ni tani tano, mdogo wangu, na benchi la Baba lilikuwa hatua moja kutoka ukingoni. Mmoja wao alizunguka matuta yetu akiwa na kamba ya kupimia, akauliza ni mtaalamu gani aliyetuchorea mpaka, maana hatujakosea hata kwa kiganja. Mwalimu akamuuliza kama zamani palikuwa na mtu anayekitunza kisima. Yule bwana akaigeuza karatasi yake mbele na nyuma. Akasema kwenye ramani huwa hawaandiki watu.

Wamekifunika kwa zege, na tanki lipo getini, ambako mpira haufiki tuta la kumi na tunagombana upya.

Tulimalizia kikao wiki iliyofuata. Hakikuwa kirefu. Tuliongeza kazi moja mpya, msindikizaji, na majirani wamegawana siku za kumleta Baba nyumbani, wamejiandikisha wenyewe kabla sijawaomba. Ilipofika nafasi ya msimamizi, Mwalimu akasema tuichukulie iko wazi, nani anaitaka. Nilijua Kinyozi aliitamani tangu mwanzo. Akatikisa kichwa, akasema kiti cha mtu hakikaliwi. Mwalimu akasema hatuwezi kumwandika mtu tusiyemjua jina, hana tuta, hana aliyemleta. Baba hakuinuka. Alisema tu, "Kazi ilifanyika. Aandikwe." Wakanigeukia mimi mwenye kalamu. Nikaandika: Msimamizi, na mbele yake neno moja, yupo. Mwalimu aliisoma karatasi hadi mwisho na kalamu yake nyekundu mkononi. Hakusahihisha kitu.

Ningeweza kuishia hapo ukaniona nimekuletea hadithi ya kuchangamsha jioni. Lakini kilichonifanya niketi niandike leo ni jambo ambalo Baba kanieleza jana tu, nikimkata kucha. Nilimuuliza miezi yote ile walikuwa wakiongea nini. Akasema bwana yule hakuwa msemaji, alipenda kuuliza. Aliuliza kuhusu wewe. Baba naye, ukimgusa habari zako haishii. Kamweleza kwamba unaosha madirisha ya maghorofa, unashushwa kwa kamba na ndoo yako, na kwamba huku hatukutajii hofu zetu. Akataka kujua ni ghorofa ya ngapi. Baba akamwambia mara ya mwisho uliandika ishirini na saba.

 Bwana yule akasema, "Mimi nimezoea chini. Lakini nitajaribu." Akampa mkono wa kuagana. Hiyo ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya kikao chetu cha kwanza, siku ya mwisho Baba kuletwa naye.

Kijiti, mimi si mtu wa kuamini kila kitu, unanijua. Ila nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni. Kama hapo kazini pametokea mtu mpole, mikono nyuma, shati la kaki lenye vifungo vya mfupa, na kila mwenzako anadhani ni wa idara nyingine, usimfanyie kiburi. Akikwambia kamba hii leo iache, iache. Akikwambia hapa usikanyage, rudisha mguu, hata bosi akifoka. Usipoteze muda kumuuliza katumwa na nani. Usiku namwomba Mungu mtu huyo asifike kwako, maana hafiki pasipokuwa na shimo. Halafu nageukia upande wa pili wa mto, naomba afike. Sijui dua ipi imepokewa. Niandikie upesi, hata mistari miwili, unijulishe umemwona au hujamwona.

Baba anakusalimu, anasema viatu vimeshamkaa. Shangazi anakusalimu na anauliza picha ya mtoto iko wapi. Mwalimu anakusalimu na kukukumbusha kwamba barua yako ya mwisho ilikuwa na makosa manne. Kinyozi anasema ukija kukunyoa ni zawadi. Hata Fundi Bomba anakusalimu, na usinichokoze kwa hilo. Mwambie wifi yangu nimemshonea binti yetu gauni, litafuata.

Mungu akushike panapoteleza na akurudishe ukiwa na miguu yote miwili.

Ni mimi, dada yako, ambaye kukupenda hakujapungua kwa umbali,

Dada Mkubwa